Nguo ya Ukuta: Kubandua na Kupiga Lipu Upya katika Nyumba za Mawe za Pwani

Walimu na makasisi wengi walio katika miji ya pwani hukaa, hufundisha na husalisha katika nyumba ambazo hawakuzijenga wao. Ni nyumba kuukuu za mawe ya bahari na chokaa, nazo wamezipokea kama mtu apokeavyo mzigo njiani, asijue ndani yake mna nini. Siku moja lipu huanza kuvimba karibu na sakafu, kisha hupukutika, na ukuta hubaki uchi. Hapo fundi huitwa, naye husema, "Tubandue yote, tupige simenti," na shauri huwa limekwisha. Maneno haya twayaandika kwa sababu sisi wenyewe tulilikubali shauri hilo, na nusura litugharimu roho za watoto. Twataka kueleza ukuta wa pwani ni kitu gani, lipu yake hufanya kazi gani, kwa nini hubanduka, na jinsi ipasavyo kuvuliwa na kuvishwa tena. Na kwa kuwa majina ya kazi hii yamechanganyika, na mchanganyiko huo ndio mama wa makosa mengi, tutaanza na majina.

Majina ya kazi

Mtu wa pwani hasemi ukuta kwa kila kitu kinachokinga nyumba. Ukuta hasa ni wa mawe. Ule wa miti, fito na udongo ni kiambaza. Kiambaza hukandikwa: udongo mbichi hutiwa maji, hukanyagwa, kisha hutupwa na kusukumwa kwa mikono katikati ya fito. Ukuta wa mawe haukandikwi, hutomewa. Kutomea ni kujaza nafasi zilizo kati ya mawe kwa vijiwe vidogo na chokaa, hata uso wa ukuta uwe sawa. Baada ya kutomea ndipo hupigwa lipu, na baada ya lipu hupakwa chokaa ya maji, ambayo ndiyo nyeupe tunayoiona kutoka baharini. Basi kuna kazi tatu, kutomea, kupiga lipu na kupaka, na fundi azichanganyaye na kuzifanya kuwa moja amekwisha kukosea kabla hajashika mwiko.

Neno lililotupoteza zaidi ni saruji. Neno hili ni la Kiajemi, na kwa Waajemi ni mchanganyiko wa chokaa na udongo, uliotumika tangu zamani katika mabirika na mahali pa maji. Huko Omani saruji ya namna ya kale, yaani udongo uliochomwa na kusagwa, ingali yatumika kutengeneza ngome na mifereji ya falaji. Lakini kwetu jina hilo limehamia kitu kingine, yaani simenti ya Portland, ambayo Joseph Aspdin wa Leeds, Uingereza, aliiandikishia haki yake mwaka 1824. Tumelirithi neno, tukabadili kitu. Kwa hiyo mzee akisema kwamba nyumba fulani ilijengwa kwa saruji, na kijana akaenda dukani kununua mfuko, wawili hao wametumia jina moja kwa vitu visivyo ndugu. Katika maneno yanayofuata tutasema simenti kwa ile ya dukani, ili tusimpoteze msomaji.

Ukuta ulivyo

Nyumba za namna hii ziko tangu Lamu na Mombasa hata Unguja, Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, na heshima yake imetambuliwa na ulimwengu. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliandikwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981, Mji Mkongwe wa Unguja mwaka 2000, na mji wa kale wa Lamu mwaka 2001. Kuta zake ni nene, mara nyingi nusu mita na zaidi, nazo ni mawe ya matumbawe yaliyopangwa katika chokaa iliyochanganywa na mchanga au udongo mwekundu. Juu ya kuta hulala boriti za mikoko, ambazo vichwa vyake vimezikwa ndani ya mawe. Urefu wa boriti ndio uliowapimia wajenzi upana wa chumba, na kwa sababu hiyo vyumba vya kale ni virefu na vyembamba, upana wake ukiwa mita tatu hivi au pungufu. Msomaji na avishike sana vichwa hivyo vya boriti vilivyofichwa ukutani, maana tutavirudia.

Chokaa yenyewe ni jiwe lililobadilishwa na kurudishwa. Mawe ya matumbawe hupangwa juu ya magogo katika tanuu na kuchomwa mpaka yafikie joto la sentigredi 900 hivi. Ndani ya moto huo hewa ya ukaa iliyofungwa katika jiwe hutoka, hata ratili 100 za jiwe safi hubaki ratili 56 tu. Kilichobaki hutiwa maji, nacho huchemka na kuvunjika kuwa unga, au uji kama maji ni mengi. Fundi wa zamani hakuitumia upesi. Aliiacha shimoni au chunguni miezi mingi, ikilainika. Ikiisha kupigwa ukutani, chokaa huivuta tena polepole kutoka hewani ile hewa ya ukaa iliyoipoteza tanuuni, ikawa jiwe kama mwanzo. Kwa hiyo ukuta wa chokaa waweza kuitwa jiwe moja, na lipu yake ni ya ukoo mmoja na mawe yaliyo ndani.

Lakini ni jiwe lenye matundu madogo sana. Maji huingia, na maji hutoka. Wengi wetu tuliosomea darasani twadhani kwamba ukuta mwema ni ule usioingiza maji kabisa. Waashi wa kale hawakudhani hivyo. Walijua ya kuwa pwani maji hayana budi kuingia. Yatoka juu wakati wa masika, yatoka ubavuni kwa upepo, na yapanda kutoka chini katika ardhi yenye unyevu. Hawakushindana nayo, bali waliyaachia njia ya kutoka. Lipu ya chokaa ni kama kanzu ya pamba juu ya mwili utokao jasho.

Kwa nini lipu hubanduka

Adui wa ukuta si maji peke yake, ni maji yachukuayo chumvi. Chumvi hiyo hutoka katika ardhi, katika upepo wa bahari, na mara nyingi katika mchanga wa pwani uliotumiwa na fundi mvivu. Waashi wengine huiita shura. Maji yakifika usoni mwa ukuta hukauka na kwenda zake, lakini chumvi haiwezi kukauka ikaenda. Hubaki, hufanya vipande vidogo vyenye ncha, na vipande hivyo vikikua katika matundu ya mawe husukuma kila kitu kilicho karibu navyo. Na haliishi hapo, kwa maana chumvi ya kula huanza kuyeyuka yenyewe hewa ikiwa na unyevu unaozidi sehemu 75 katika 100. Kila mama ajua jinsi chumvi ya jikoni itoavyo maji wakati wa mvua. Pwani hewa hupita kipimo hicho usiku na mara nyingi hushuka chini yake mchana kukiwa na jua. Hivyo chumvi huyeyuka usiku na kuganda mchana, na kila mara ikiganda husukuma.

Lipu ya chokaa ikiwa juu, kazi hiyo ya uharibifu hufanyika ndani ya lipu yenyewe. Lipu hupukutika, ukuta husalimika, na baada ya miaka kadhaa lipu hupigwa tena. Twaona mtu akisikitika kwamba lipu ya chokaa haidumu, lakini asikitikaye hivyo ni sawa na mtu aulaumuye mwavuli kwa kulowa.

Simenti ikiwa juu, mambo hugeuka. Ni ngumu kuliko mawe yaliyo chini yake, na matundu yake hayapitishi unyevu kama yale ya chokaa. Jua likiipasha, na usiku ukiipoza, yenyewe haiendi pamoja na ukuta laini, basi hupasuka nyufa nyembamba kama nywele. Mvua huingia kwa nyufa hizo, na ikiisha kuingia haioni njia ya kutokea. Maji hupanda juu zaidi ndani ya ukuta yakitafuta mlango, na chumvi hufanya kazi yake nyuma ya simenti, katika mawe na chokaa ya kale, mahali ambapo jicho halifiki. Nje nyumba ni nyeupe na imara, na ndani udongo unageuka unga. Wahenga walisema, "Mwenye kovu usidhani kapoa."

Yaliyotupata

Tulipewa wakati mmoja kusimamia nyumba ya namna hii karibu na bahari, iliyokuwa na vyumba vya walimu juu na darasa chini. Lipu ya chini ilikuwa imepukutika kiasi cha kimo cha mtoto. Fedha zilikuwa chache, na mjenzi aliyekuja alituahidi kumaliza kwa wiki mbili, na kwamba kazi yake ingedumu miaka thelathini. Tulifurahi, tukatia sahihi. Mwaka wa kwanza nyumba ilipendeza, na wageni waliisifu. Mwaka wa pili unyevu ulionekana juu ya ile simenti, mahali ambapo haukuwapo kamwe. Tukapaka rangi ya mafuta ili kuuficha. Masika ya tatu yalipokwisha, siku ya Jumamosi, boriti mbili zilishuka upande mmoja, na dari ikazifuata, ikaangukia madawati ya darasa. Kama ingalikuwa siku ya masomo, tusingaliandika makala haya kwa moyo tulio nao leo.

Tulimwita mwashi mmoja mzee, aliyekuwa amekwisha kuacha kazi kwa ajili ya macho. Hakutazama sana. Alipita akigonga simenti kwa kifundo cha kidole, huku ametega sikio, naye akatuonyesha kwa mkaa mahali palipolia kama mtungi mtupu. Kisha akatia kidole katika tundu ambamo boriti ilikuwa imelala, akatoa kitu kama tumbaku iliyolowa. "Mwalimu," akasema, "mti huu haukuliwa na miaka. Umezikwa ndani ya maji." Tukamwuliza kama aliyefanya kazi ile alikuwa fundi mbaya. Akajibu, "Fundi ni mzuri, mwanangu. Mkono wake umenyoka. Hakuuliza tu ukuta huu ni wa nini."

Jibu hilo ndilo tulilolichukua tukaenda nalo. Kosa halikuwa la mjenzi peke yake. Sisi tuliokabidhiwa nyumba hatukuuliza pia.

Jinsi ya kuvua na kuvisha

Haya tunayoyaandika ni yale tuliyoyafanya baadaye chini ya mzee huyo, na tuliyojifunza tangu hapo.

Kwanza, usiguse lipu kabla ya kujua maji yanatoka wapi. Panda juu ya nyumba siku ya mvua. Tazama sakafu ya juu, milizamu iliyoziba, mti uliotia mizizi ukutani, na bafu la jirani. Lipu mpya juu ya ukuta unaonyeshewa na mlizamu mbovu ni fedha iliyotupwa baharini.

Pili, chagua majira. Kazi ianze masika yakiisha, mwezi wa Juni, iendelee katika ubaridi wa kusi, na imalizike kabla ya vuli. Jua kali la kaskazi hukausha chokaa upesi mno, ikapasuka kabla ya kushika.

Tatu, tegemeza kabla ya kubandua. Boriti zote zilizo juu ya ukuta huo ziwekewe magadi, kama yale yanayoegemeza jahazi likiwa nchi kavu. Kisha simenti ibanduliwe kwa tindo na nyundo ndogo, kipande kwa kipande, si kwa nyundo kubwa. Mahali ambapo imeshikamana sana na jiwe, ni afadhali kuiacha kidogo kuliko kung'oa jiwe pamoja nayo. Usibandue ukuta mzima kwa siku moja, maana huenda simenti hiyo ndiyo iliyobaki kuushika.

Nne, uache ukuta upumue. Hapa ndipo wengi hukosa subira. Chumvi iliyotokea usoni ifagiliwe ingali kavu kwa ufagio mgumu, na taka zake zichukuliwe mbali, zisiachwe chini ya ukuta zikaingia tena. Usioshe kwa maji mengi, kwa kuwa maji huirudisha ndani. Kila chumvi ikitoka, fagia tena. Sisi tulifagia wiki saba. Ukuta ulioshiba chumvi hautaimaliza yote, kwa maana chombo kilichopikwa samaki hakiachi kunuka vumba. Lakini kinachopungua kimepungua. Penye chumvi nyingi sana, piga lipu nyembamba ya chokaa dhaifu, iache iivute chumvi, kisha ibandue na kuitupa.

Tano, vichwa vya boriti vitazamwe kimoja kimoja. Kilichooza kikatwe na boriti ibadilishwe, na tundu lake liachiwe nafasi ya hewa, wala lisizibwe kwa simenti.

Sita, tomea. Mashimo yote yajazwe kwa vijiwe vya matumbawe na chokaa, wala si kwa lipu nene. Lipu iliyopigwa nene ili kuficha shimo itaanguka kwa uzito wake.

Saba, piga lipu. Kipimo chetu kilikuwa chokaa sehemu moja na mchanga sehemu tatu. Mchanga uwe wa mtoni au wa shimo, wenye chembe kali, uliooshwa kwa maji ya kunywa. Mchanga wa ufuoni usitumiwe hata kama ni wa bure, maana aubebaye hubeba chumvi. Ukuta uloweshwe kidogo kwanza. Lipu ya kwanza iwe nene kama kidole, ichorwe mistari ili ya pili ishike, na iachwe siku nyingi kabla ya kufuatiwa. Itundikiwe magunia yaliyoloweshwa ili isikauke kwa haraka, kwa kuwa chokaa haishiki kwa kukauka, hushika kwa kula hewa polepole, na yahitaji unyevu kidogo wakati ikila.

Nane, paka chokaa ya maji mara tatu au nne, nyepesi kama maziwa. Kisha ipakwe tena mwaka kwa mwaka kabla ya masika. Rangi za mafuta na za mpira zisiguse ukuta huu, kwani hizo nazo ni simenti kwa jina jingine.

Tuseme haki

Hatukusudii kuitukana simenti. Nyumba mpya ya matofali ya simenti yafaa kupigwa lipu ya simenti, maana ni ukoo mmoja. Wala si mgeni wa jana pwani. Kanisa kuu la Mkunazini, Unguja, lililoanza kujengwa mwaka 1873 chini ya Edward Steere, lilitiwa paa la kuba la matumbawe yaliyopondwa na kuchanganywa na simenti ya Portland, na paa hilo lingali juu. Kitu hicho kilichaguliwa kwa kazi hiyo na mtu aliyejua aliyakusudia nini. Ubaya ni kuitia mahali pasipo pake kwa sababu tu ndiyo iliyo dukani.

Tena chokaa nayo ina deni lake. Tanuu hula magogo mengi, na kuvunja matumbawe hai baharini ni kubomoa nyumba za samaki, na wavuvi ndio watakaolipa. Mawe ya kuchoma yatolewe katika mashimo ya nchi kavu, na ya kutomea yatoke katika magofu na vifusi vya nyumba ile ile. Mzee wetu alichekecha kifusi chote na kukipanga kwa ukubwa, na tulinunua mawe machache sana.

Hata wakaao katika kiambaza wasidhani kwamba maneno haya hayawahusu. Tumeona viambaza vingi vimevikwa simenti ili vifanane na nyumba za mawe. Udongo hutanuka na kunywea kwa unyevu, simenti haifanyi hivyo, na baada ya masika machache ganda lote husimama peke yake, mchwa wakipita nyuma yake kwa raha. Kiambaza hukandikwa tena kwa udongo, na kisha chaweza kupakwa chokaa.

Tarehe 25 Desemba mwaka 2020 upande mmoja wa Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa Unguja mwaka 1883 wakati wa Seyyid Barghash, ulianguka katikati ya matengenezo, na watu wawili wakafa. Hatusemi kwamba sababu yake ilikuwa lipu, maana jumba lile lina mambo yake mengi. Twalitaja ili msomaji akumbuke kwamba nyumba kubwa huweza kusimama mbele ya macho ya watu ikiwa imekwisha kuchoka ndani, na ya kwamba kazi ya kutengeneza ina hatari kama ya kuacha.

Basi, mwalimu au kasisi aliyekabidhiwa nyumba ya mawe, kabla hujatia sahihi, gonga ukuta kwa kifundo cha kidole, utege sikio. Kisha mtafute mzee mmoja aliyewahi kuchoma chokaa, ukae naye, uandike maneno yake, kwa kuwa wako wachache, na wanafunzi wao ni wachache zaidi. "Usipoziba ufa utajenga ukuta," ndivyo tulivyofundishwa utotoni, na ni kweli. Lakini pwani yatupasa kuongeza swali moja juu ya mithali hiyo: utauziba kwa nini?

Darasa letu lilifunguliwa tena mwezi wa Oktoba. Ukuta wake hupukutika kidogo kila mwaka karibu na sakafu, na kila mwaka wanafunzi wakubwa hufagia unga ule na kupaka chokaa. Wageni hawausifu tena. Boriti zake ni kavu.